Fokasi ya Mkono Ilihukumiwa kwa Kamera Isiyo Yake

Tangu kamera zianze kutafuta jicho la mtu zenyewe, kuna kauli imeenea miongoni mwa wapiga picha wetu, kutoka Nairobi hadi Mbeya: fokasi ya mkono, yaani kulenga ukali wa picha kwa kuzungusha pete ya lenzi, imekwisha kazi. Anayezungusha pete kwa vidole, inasemwa, ama hana uwezo wa kununua kamera mpya ama anataka aonekane fundi. Wapo wanaojibu kwa ukali uleule kutoka upande wa pili, kwamba mpiga picha halisi haachii mashine imwamulie. Kauli zote mbili zina kasoro, ila madhara yake hayalingani. Majigambo ya hao wa pili hayamzuii mtu kununua lenzi yenye mota na kuitumia. Ile ya kwanza inawafanya vijana wengi wakae miaka bila kuigusa swichi ya AF/MF (AF ni otofokasi, kamera kujilengea yenyewe; MF ni fokasi ya mkono), na hivyo kuikosa sehemu ya uwezo wa chombo walichokinunua kwa kujibana.

Haki ya otofokasi isipunguzwe. Winga anayekuja mbio kuelekea lenzi ya milimita 400 pale Uwanja wa Benjamin Mkapa anaweza kumaliza mita 7 au 8 kwa sekunde moja. Kamera ikipiga picha 10 kwa sekunde, kila picha inamkuta sentimita 70 au 80 mbele ya pale alipokuwa. Kidole hakiwezi kufuatana na hilo. Zamani mpiga picha wa michezo aliweka fokasi kwenye sehemu moja ya eneo la hatari akangoja mchezo umfikie. Ukipita pembeni, amekosa. Mfumo wa leo unakokotoa mchezaji atakuwa wapi shata (pazia la kamera) itakapofunguka, unaipeleka lenzi huko, kisha unairudia hesabu hiyo mara nyingi ndani ya sekunde. Wakimbiaji wa Iten na ndege wanaoruka vilevile ni kazi yake.

Uso wa karibu nao ni wake. Chukua lenzi ambayo wengi huinunua mara tu baada ya ile iliyokuja na kamera, yaani 50mm f/1.8 (namba ya f huonyesha uwazi wa apecha, tundu la mwanga ndani ya lenzi; ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi), ukaifunga kwenye kamera yenye sensa (kipande kinachopokea mwanga na kuunda picha) ndogo ya APS-C, mtu akiwa mita 1 kutoka kwako. Kwa kipimo cha vitabu, kina cha ukali, yaani unene wa eneo linalotoka kali, katika f/1.8 hakifiki sentimita 3. Na kipimo hicho ni cha huruma, kwa sababu kilikadiriwa kwa picha ndogo ya karatasi inayotazamwa kwa umbali wa mkono. Mteja wa leo anaikuza picha ya megapikseli 24 mpaka anahesabu kope. Ukidai ukali wa pikseli mbili tu, kina hicho kinashuka hadi sentimita 1 na kidogo. Mtu aliyesimama anaweza kuyumba zaidi ya hapo bila mwenyewe kujua, na wewe uliyeshika kamera unayumba pia. Ule muda mfupi kati ya kuridhika na pete na kubonyeza kitufe unatosha kulitoa jicho nje ya fokasi. Otofokasi endelevu inayoling'ang'ania jicho imelimaliza tatizo hilo, na sioni hoja ya kuipinga.

Lakini kesi nzima ya fokasi ya mkono huamuliwa kwa mifano hiyo miwili: mchezaji anayekimbia, na uso wa karibu apecha ikiwa wazi kabisa. Ndipo ilipo dhaifu kuliko popote. Tena waliotoa hukumu, kwa sehemu kubwa, waliijaribu kwa kamera ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yake.

Hili linahitaji kuelezwa taratibu, maana ndilo lililoiharibia jina. Kamera za filamu kama Canon AE-1 ya 1976 na Nikon FM2 ya 1982 zilikuwa na kidirisha kikubwa cha kuchungulia, na katikati yake duara lililogawanyika. Fokasi ikiwa haijakaa, ukingo wa mlango au mstari wa bega ulionekana umekatika vipande viwili. Ukizungusha pete, vipande vinakutana. Mtu mwenye macho ya kawaida aliweza kazi hiyo ndani ya muda mfupi na kwa uhakika. Mwaka 1985 ikatoka Minolta 7000 ikiwa na mfumo mzima wa otofokasi ndani ya mwili wa kamera, watengenezaji wengine wakafuata, na katika kamera zilizokuja baadaye duara lile likaondolewa. Kioo cha kulengea, kinachopokea taswira ndani ya kidirisha, kikatengenezwa upya ili kiwe na mwanga zaidi kwa lenzi za zumu za f/3.5 hadi f/5.6. Kikapata mwanga huo, na kikapoteza uwezo wa kuonyesha kina chembamba cha f/1.4 au f/1.8. Unachokiona ndani yake kinakaribia f/2.8 hata lenzi ikiwa wazi zaidi. Jicho linaridhika kwamba picha imekaa, kumbe kwenye sensa fokasi iko sikioni.

Juu ya hilo ukaja udogo. Kidirisha cha FM2 kinakuza kwa 0.86 (kwa lenzi ya 50mm, 1 ingekuwa ukubwa uleule wa jicho tupu). Cha Canon 1100D, mojawapo ya DSLR (kamera za kidijitali zenye kioo cha kuakisi ndani) za bei nafuu, kimeandikwa 0.8, na mtu angedhani tofauti ni ndogo. Lakini namba hiyo imepimwa kwa sensa ndogo. Igawe kwa 1.6, kiasi ambacho filamu inaizidi sensa hiyo kwa upana, inabaki 0.5. Upana wa picha machoni pako ni chini ya theluthi mbili za ule wa FM2, na eneo lake ni theluthi moja tu. Theluthi moja! Na ndani yake, badala ya prizimu ya kioo, kuna vioo vya kuakisi vinavyopunguza mwanga. Kizazi kizima cha wapiga picha wa Afrika Mashariki kilijifunzia kwenye kamera za namna hiyo, nyingi zikiwa zimeshatumika kabla ya kutufikia. Walipojaribu kuzungusha pete na picha zikatoka na ukungu, walihitimisha kwamba njia yenyewe ni mbovu. Hitimisho lilikuwa la haki kwa chombo kile, likabaki vichwani chombo kilipobadilika.

Maana kimebadilika. Kwenye kamera isiyo na kioo cha kuakisi (mirrorless), unachokitazama kinatoka kwenye sensa ileile itakayopiga picha. Bonyeza kitufe kimoja, kope inakuzwa mara 5 au 10 ndani ya kidirisha. Unaweza kuiambia kamera ipake rangi kwenye kingo zilizo kali, ingawa apecha ikiwa wazi sana rangi hiyo husambaa zaidi ya ukali wenyewe, kwa hiyo kukuza ndiko kunakoaminika. Hata ile 1100D, ukiacha kidirisha chake na kutazama skrini ya nyuma huku umekuza mara 10, inakupa usahihi ambao mwenye FM2 hakuwa nao. Otofokasi yake ya kwenye kidirisha haiwezi kuushinda usahihi huo kwa kitu kisichosogea, kwa sababu DSLR inapima fokasi kwa sensa nyingine iliyo chini ya kioo, na hizo mbili zisipokubaliana hata kwa sehemu ya milimita, kila picha itaangukia mbele au nyuma kidogo. Kamera za bei ya juu zina menyu ya kurekebisha hilo. Nyingi za bei ya chini hazina.

Kinachonisukuma zaidi kuandika ni aina ya makosa ambayo kila njia hufanya. Otofokasi inapokosea, mara nyingi inakosea kwa ukali kamili: kitu kisichohusika kimetoka vizuri ajabu. Simba amelala ndani ya nyasi ndefu Serengeti, na kilicho kali ni shina la nyasi mita moja mbele ya pua yake. Utambuzi wa macho ya wanyama umepunguza hasara hiyo, lakini mnyama akigeuza kichwa au nyasi ikilikata jicho, mfumo unarudi kwenye tabia yake ya zamani ya kupenda kilicho karibu. Ukumbini kwenye harusi, nyuma ya bibi harusi kuna ukuta wa taa na mbele yake moshi. Otofokasi inaishi kwa tofauti ya mwanga na kivuli. Uso mweusi wenye taa mgongoni unabaki na tofauti ndogo sana, na ile kubwa iko kwenye taa zenyewe. Lenzi inakwenda, inarudi, inakwenda tena, na pete ya ndoa imeshavishwa. Tendo hilo halirudiwi kwa ajili ya mpiga picha.

Mwenye kuzoea mkono ana jibu hapo, na halimtaki aiache otofokasi. Anashika fokasi kwenye ukosi wa koti au ukingo wa shela, vilivyo umbali uleule na uso, kisha anasukuma swichi kwenda MF. Kuanzia hapo moshi na taa havina la kufanya. Yeye anachunga umbali wake tu, na ukiongezeka kidogo anaufuata kwa kidole. Mashine imetafuta, mtu ameshikilia. Ni ujuzi wa kufundishika kwa mchana mmoja, lakini aliyeaminishwa kwamba MF ni makumbusho hataufikia.

Usiku wa wazi hauna mjadala. Nyota kwa lenzi pana hazitoshi kuishikisha otofokasi nyingi, na ile alama ya nane iliyolala kwenye lenzi (ya umbali usio na mwisho) haiaminiki, kwa kuwa lenzi nyingi huachiwa zizunguke kupita mwisho huo ili zivumilie joto na baridi. Anayetaka Kilimanjaro chini ya nyota kutoka Amboseli hana budi kulikuza kundi la nyota la Kilimia kwenye skrini na kuzungusha pete mpaka kila nyota iwe nukta ndogo kuliko zote.

Kisha kuna fokasi ya kupanga mapema, ambayo kwangu ndiyo hoja kubwa ya mkono. Weka lenzi ya 28mm kwenye kamera ya sensa kamili (yenye ukubwa wa fremu ya filamu), apecha f/8, pete kwenye mita 3. Kwa kipimo kilekile cha vitabu, kila kitu kuanzia mita 1.6 hadi zaidi ya mita 30 kimo ndani ya ukali. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe au Lamu, hiyo ni karibu kila kitu utakachokutana nacho: mchukuzi na punda wake, mtoto anayechomoza mlangoni. Hakuna otofokasi yenye kasi zaidi ya hapo, kwa sababu hakuna inachosubiriwa. Shata inafunguka mara tu unapobonyeza. (Ruhusa ya mtu unayempiga ni jambo jingine, na katika miji hiyo lisipuuzwe.) Oktoba 1984, mpiga picha wa habari Mohamed Amin wa Nairobi aliporekodi njaa ya Ethiopia kule Korem, zikawa picha zilizoitikisa dunia, Minolta 7000 ilikuwa bado haijaingia sokoni. Wakati ule wapo waliokadiria umbali kwa macho kabla ya kuinua kamera, na kadirio hilo liliwaacha huru kumwangalia mtu aliye mbele yao.

Wapo wenye pingamizi la haki. Anayeishi kwa kupiga picha mamia ya nyuso kwa siku hana nafasi ya kukuza kila kope, na mwenye macho yaliyopungua nguvu anategemea otofokasi kubaki kazini. Hao wasibezwe. Lakini nao pia watakutana na lenzi isiyo na mota. Nikon D3200, kwa mfano, haina mota ya kusukuma fokasi mwilini. Ukiifunga 50mm f/1.8D ya mtumba, ambayo nayo haina mota, otofokasi haifanyi kazi kabisa. Mnunuzi asiyejua anadhani ameuziwa lenzi mbovu na kuirudisha, ilhali kitone cha kijani kwenye kidirisha kingemwonyesha fokasi inapokaa.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa watengenezaji wenyewe. Kwenye lenzi nyingi za kamera zisizo na kioo, pete haijaungana na vioo vya ndani ya lenzi. Inatuma ishara tu kwa mota. Nyingi zimeondolewa alama za mita, na ukizungusha haraka fokasi inaruka mbali kuliko ukizungusha polepole kwa nyuzi zilezile. Mpangilio wa mita 3 niliouelezea unakuwa wa kubahatisha, na mpiga video anayetaka kuhamisha fokasi kutoka kwa mama hadi kwa mwana katikati ya tukio hawezi kuweka alama akairudia. Fujifilm na Panasonic wameruhusu, kwa baadhi ya lenzi zao, mtumiaji achague pete itembee sawasawa bila kujali kasi ya mkono, kwa hiyo jambo hili linawezekana na si la gharama kubwa. Anayekwenda kununua lenzi wiki hii aijaribu dukani. Afokasi kitu cha karibu, azungushe pete polepole hadi cha mbali na kukariri alipofika, arudi mwanzo, azungushe tena kwa haraka mpaka palepale. Fokasi ikiishia mahali tofauti, aangalie kwenye menyu ya kamera kama tabia hiyo inabadilishika kabla hajatoa hela.