Madai ya Nyuma Unapohuisha Bima ya Gari: Useme Yote au Ujibu Ulichoulizwa Tu?

Kwenye fomu ya kuhuisha bima ya gari, swali linaloleta ugomvi mwingi ni fupi: je, katika miaka 5 iliyopita umepata ajali, hasara au umewasilisha madai yoyote? Wengi hutia tiki kwenye "hapana" kwa kuwa hawakumbuki kulipwa chochote. Lakini swali halikutaja malipo. Limetaja ajali, hasara na madai, na hivyo ni vitu vitatu tofauti.

Chukua gari lililogongwa kwa nyuma likiwa limesimama kwenye taa. Kampuni ya mwenye gari inalipia bampa na taa ya nyuma, halafu inaidai kampuni ya aliyegonga. Mwenye gari anasema hayo si madai yake, maana hana kosa. Kwenye kumbukumbu za kampuni ni madai yenye namba, na mpaka fedha zirudi yanasomeka kama hasara. Ni hivyo hivyo kwa kioo cha mbele kilichobadilishwa, na kwa ajali ya dereva mwingine aliyeandikwa kwenye bima hiyo. Hata taarifa uliyoitoa kisha ukaiacha, baada ya kuona gharama ya fundi ni ndogo kuliko kiasi unachotakiwa kubeba mwenyewe, imebaki kwenye mafaili. Faili lililofungwa kwa sifuri bado ni faili.

Wanaokataa kusema yote wana hoja ya maana: kampuni inayohuisha bima yangu ndiyo iliyolipa madai yale, kwa nini niiambie inachokijua? Hoja hii ni ya zamani sana. Mwaka 1766 Jaji Mansfield wa Uingereza aliamua kesi ya Carter na Boehm, kuhusu bima ya ngome ya Fort Marlborough kisiwani Sumatra, iliyokuwa imetekwa na Wafaransa. Kesi hiyo hutajwa kila mahali kama msingi wa wajibu wa kusema kweli yote, ila husahaulika kwamba aliyeshinda ni mwenye bima. Mansfield alisema mtoa bima hana haja ya kuambiwa anachokijua au anachopaswa kukijua.

Hoja hiyo hufifia mtu anapohamia kampuni nyingine, na watu wengi huhama wakati huo huo wa kuhuisha. Kampuni mpya haina faili lako. Inapanga bei kwa maneno yako. Upande wa kampuni unasema pia kwamba michubuko midogo, hata ile uliyomlipa fundi kwa mfuko wako, inaonyesha gari linaendeshwa wapi na vipi. Ni kweli, ingawa inauma: aliyejilipia ili asiisumbue kampuni anapandishiwa ada kwa kuwa mkweli.

Sheria zenyewe hazikai mahali pamoja. Kwa kanuni ya zamani ya Kiingereza, iliyoandikwa katika sheria ya bima za baharini ya 1906, mwenye bima hutakiwa kujitolea kusema kila jambo la maana hata kama hakuulizwa. Uingereza yenyewe iliachana na hilo kwa watu binafsi kupitia sheria ya 2012, iliyoanza kutumika 2013: sasa wajibu ni kuchukua uangalifu wa kutosha usitoe maelezo ya uongo, na kazi ya kuuliza vizuri ni ya kampuni. Kuna mtego, hata hivyo. Ukitumiwa maelezo yako ya mwaka jana na kuombwa uyathibitishe au uyarekebishe, ukinyamaza, ukimya huo unaweza kuhesabiwa kuwa maelezo ya uongo.

Kwa sheria hiyo ya 2012, adhabu nayo hutegemea nia. Uongo wa makusudi unaipa kampuni haki ya kufuta mkataba. Uzembe hupunguza fidia kwa uwiano: kama ada sahihi ingekuwa 800 nawe ulilipa 600, unapata asilimia 75. Kwa matengenezo ya 4,000 utapewa 3,000. Umeokoa 200, umepoteza 1,000.

Kwa maoni yangu, kampuni iliyouliza kwa mafumbo ibebe hasara ya mafumbo yake. Ila hapo ni mahakamani, na gari lako liko gereji likisubiri vipuri. Kwa hiyo jibu swali lote lilivyoandikwa, na pale inapofuatwa kanuni ya zamani ongeza hata lisiloulizwa.

Kabla ya kujaza, iombe kampuni unayotoka taarifa ya historia ya madai kwa maandishi: tarehe ya tukio, aina yake, kilicholipwa, kilichorudishwa, na kama faili limefungwa. Hesabu miaka kuanzia siku ya tukio, isipokuwa fomu inasema vingine. Faili likiwa wazi, kiasi kinachosomeka ni makisio tu. Omba lisahihishwe fedha zikirudi, kisha udai ada ikokotolewe upya. Usidanganywe na punguzo la kutodai lililolindwa, yaani punguzo la ada la asiyedai ambalo halipotei kirahisi hata ukidai: linalinda punguzo, halifichi madai, na bei ya msingi inaweza kupanda. Wakala akikujazia fomu, isome kabla ya kusaini, maana sahihi ni yako. Kwenye fomu za mtandaoni angalia kisanduku ambacho tayari kimewekwa "hapana", na uhifadhi nakala ya ulichotuma.