Hukumu kabla ya kesi

Mtu anakamatwa asubuhi, kufika jioni taarifa ya habari imeshamwita jambazi, sura yake imejaa skrini, pingu mikononi. Kesi hata haijatajwa! Inanikera mno. Mwaka 1989 magazeti ya New York yaliwaita vijana watano, wenye miaka 14 hadi 16, kundi la mbwa mwitu kwa tuhuma za ubakaji katika bustani ya jiji hilo, Central Park. Hatia zao zilifutwa 2002, baada ya mbakaji halisi kukiri na vinasaba kuthibitisha. Walishatumikia vifungo! Na mtu akiachiwa huru, habari yake hubanwa kwenye kona ya ukurasa wa ndani, tena ikiandikwa. Majirani wanaendelea kumkwepa. Wahariri, akishinda kesi rudini na kamera zilezile.