Sori ipi, ya pole au ya samahani?

Juzi nilikuwa natazama tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Daktari anatoka chumba cha upasuaji, anamwendea mama aliyekesha kwenye benchi, anainamisha kichwa na kusema: "Samahani, mama." Niliumia. Samahani ya nini? Kwani yeye ndiye aliyemuua mgonjwa? Mswahili angesema "Pole, mama", na yule mama angeelewa kabla sentensi haijaisha. Sina shaka aliyetafsiri alikuwa na maandishi ya Kiingereza mbele yake, akakutana na neno sorry, akachukua maana ya kwanza iliyomjia.

Simlaumu sana, maana neno lenyewe lina mitego. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa sārig, na limetokana na sār, yaani maumivu au kidonda. Ndugu yake wa leo ni sore, neno wanalolitumia kwa koo linalowasha au mguu uliochubuka. Hata sehr ya Kijerumani, ambayo leo maana yake ni "sana" tu, imetoka kwenye ukoo huohuo wa maumivu. Kwa hiyo aliyekuwa sārig hakuwa anakiri kosa. Alikuwa mtu mwenye jeraha moyoni.

Wengi hudhani sorry na sorrow, yaani huzuni, ni mtu na dada yake. Sivyo. Sorrow imetoka kwa sorg, jamaa ya Sorge ya Kijerumani, yenye maana ya wasiwasi. Maneno hayo mawili yalifanana sauti, yakatembea pamoja karne nyingi, mpaka watu wakayaona ya tumbo moja.

Leo sorry inabeba kila kitu. Ukimkanyaga mtu, sorry. Akifiwa, sorry. Hukumsikia vizuri, sorry, pale ambapo sisi tungeuliza "unasemaje?" Hata nyumba iliyochakaa husemwa iko katika hali ya sorry, yaani hali ya kutia huruma. Huko Kanada utata huu umewafikisha hadi bungeni: jimbo la British Columbia mwaka 2006, kisha Ontario mwaka 2009, yalitunga sheria kwamba mtu akisema sorry, kauli hiyo isitumike mahakamani kama ushahidi kwamba amekiri kosa.

Sisi hatukuhitaji sheria. Pole ni kushiriki maumivu ya mwenzako, hata kama huhusiki nayo kabisa. Ndiyo maana tunasema pole na kazi, pole na safari, na anayepewa pole hujibu "nishapoa". Samahani na niwie radhi ni mambo mengine: hapo nimekosa mimi, na uamuzi wa kusamehe uko mikononi mwako.

Tofauti hii si ya adabu za nyumbani tu. Tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles wa Uingereza alizungumza katika dhifa ya taifa jijini Nairobi kuhusu ukatili waliotendewa Wakenya wakati wakipigania uhuru. Alitaja huzuni kubwa na majuto makubwa, akasema ukatili ule hauna kisingizio. Msamaha hakuomba. Miaka kumi nyuma, Juni 2013, serikali ya nchi yake ilieleza masikitiko bungeni London na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau, huku ikiendelea kukana kwamba inawajibika kisheria. Ukiyapima maneno yao kwa Kiswahili, yote mawili ni pole.

Siku moja tu baada ya dhifa ile, tarehe 1 Novemba, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa Songea. Mbele ya wajukuu na vitukuu vya mashujaa wa Maji Maji, akiwemo Songea Mbano aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, alisema anaona aibu, kisha akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea mababu zao. Vita vile inakadiriwa viliua hadi watu 300,000, na maneno hayawarudishi. Lakini hiyo ilikuwa samahani. Anayeombwa msamaha anapewa nafasi ya kujibu, kukubali au kukataa, na anaweza kuuliza: haya, na fidia je? Anayepewa pole hana cha kujibu zaidi ya asante au nishapoa.

Ndiyo sababu inaniuma nikisikia "sori" ikizimeza pole na samahani huku mitaani kwetu. Bodaboda inakuchafua kwa tope, "sori". Umepoteza mzazi, ujumbe unaingia kwenye simu: "Sori sana." Tunabadilishana vyombo viwili vizima kwa kimoja ambacho wenyewe kinawavujia.

Mama yangu hakubali. Mwezi uliopita binti yangu alimkanyaga mguu wakati anakimbilia mlango. "Sori, bibi!" Mama akamshika mkono.

"Sori ipi, mjukuu wangu, ya pole au ya samahani?"

Mtoto akafikiri kidogo. "Nisamehe, bibi."

"Nimekusamehe. Sasa nipe na pole yangu, maana mguu bado unauma."

"Pole, bibi."

"Nishapoa."