Msiseme Lowndes wanapiga kura kwa mazoea
Jamani hii habari inasema eti watu wa kaunti ya Lowndes kule Alabama, Marekani, wanawapa chama cha Democratic kura kila uchaguzi wa rais "kwa mazoea tu". Mimi imeniuma. Mwanzoni mwa 1965 kaunti hiyo weusi walikuwa karibu asilimia 80 na hakuna hata MMOJA aliyekuwa kwenye daftari la wapiga kura, sasa hayo mazoea yalitoka wapi? Uchaguzi wa rais wa 1964 Goldwater wa Republican alishinda Alabama, na jina la Johnson, mgombea wa Democratic, hata kwenye karatasi ya kura halikuwepo. Halafu sheria ya 1965 ya haki ya kupiga kura ikapita, weusi wakaenda kujiandikisha, wazungu wenye mashamba wakawafukuza kwenye nyumba zao, familia nzima na watoto zikaishi kwenye mahema kando ya barabara kuu, Highway 80, na usiku wanapigwa risasi mle mle kwenye turubai. Na msisahau Democratic ya Alabama wakati huo alama yake ilikuwa jogoo mweupe na maandishi ya kusifu utawala wa wazungu, ndo maana 1966 weusi wa Lowndes wakaanzisha chama chao, alama chui mweusi, ili hata asiyejua kusoma amtambue.

Walimpa mgombea wa Democratic zaidi ya asilimia 70, iwe Obama iwe Biden, na leo bado kuna nyumba choo kinamwaga kwenye bomba linaloishia uani, watoto wanacheza hapo hapo. Hilo ndo mngeandika, kura yao wameilipia tayari, wao wamelipwa nini?