"Waandishi, tunaomba mtupishe"

Anayefuatilia mikutano ya afya hapa Zanzibar anaijua ratiba. Mgeni rasmi anasoma hotuba, inapigwa picha ya pamoja, kisha mshereheshaji anashika maiki: "Ndugu zetu waandishi, tunaomba mtupishe tuendelee na kikao." Jioni habari inakuwa kwamba kiongozi fulani amefungua mkutano. Kilichozungumzwa baadaye, hata kama kinahusu maji tunayokunywa, hakimo.

Wanaotaka mlango ufungwe wana hoja, na si ya kupuuzwa. Machi 2024, Kisiwa Panza, wilaya ya Mkoani, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 wakalazwa. Kisiwa chenyewe ni kidogo, watu wanajuana kwa ukoo na kwa mtumbwi. Huko huna haja ya kutaja jina. Ukisema tu "mama wa mmoja wa watoto", kila mtu keshajua ni nani. Kikao kinachopitia mafaili ya wagonjwa wa namna hiyo hakina nafasi ya kamera. Tena kuna jambo jengine ambalo sisi wa habari hatupendi kulikubali: mbele ya maiki hakuna daktari wa wilaya atakayesema dawa zimemwishia au majibu ya maabara yamechelewa. Atasema "hali imedhibitiwa". Akiwa na wenzake peke yao, huenda akasema kweli, na kweli hiyo ndiyo inayoleta dawa.

Lakini tukio hilohilo lina upande wa pili. Sumu ya kasa haiondoki kwa kupikwa, na haina dawa ya kuivunja. Hiyo si siri ya mgonjwa yeyote. Ni taarifa inayopaswa kufika kila shehia siku ileile, kabla kasa mwengine hajakatwa, na redio inafika haraka kuliko gari la wizara. Mara ile, haki yao tuwape, maofisa walizungumza na waandishi na idadi ikatoka. Hakuna familia iliyovunjiwa heshima kwa kutajwa idadi.

Ukitaka kuona mlango uliofungwa kabisa, rudi mwaka 2020. Kufikia katikati ya Mei, takwimu za korona zilikuwa zimeacha kutolewa, Bara na Visiwani. Miezi ikapita watu wakihesabu mazishi wenyewe na kunong'onezana. Mwisho wa Januari 2021 ni chama cha ACT-Wazalendo, si wizara, kilichotangaza kwamba Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, ameambukizwa. Alifariki Februari 17. Ugonjwa wa mtu ni siri yake, na wa kuitoa ni yeye au watu wake. Idadi ya wagonjwa wa nchi nzima haikuwa siri ya mtu.

Hoja ya utalii, kwamba habari za maradhi zitafukuza wageni, sioni kama ina uzito mkubwa. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilipotoa taarifa ya kushukiwa ugonjwa wa virusi vya Marburg mkoani Kagera, wizara ilikanusha. Siku chache baadaye, Januari 20, Rais Samia mwenyewe akathibitisha. Mgeni anasoma taarifa za Geneva akiwa kwao. Anayebaki gizani ni muuza samaki wa soko la Darajani.

Kwa hiyo mimi ningeuliza kwanza ni kikao gani. Cha kupitia wagonjwa, kifungwe bila ya kuomba radhi. Cha kuamua mambo yatakayomgusa kila mtu ni kitu chengine. Mwaka 2016 kipindupindu kilipopamba moto, skuli zilifungwa na uuzaji wa vyakula na juisi mitaani ukapigwa marufuku. Muuza juisi ya miwa aliyekosa riziki yake alistahiki kujua marufuku inasimama juu ya ushahidi gani na itaondolewa kwa kigezo gani, na hayo yanapatikana kwa kuulizwa, si kwa tangazo la kurasa mbili.

Kisheria mwandishi hana mengi ya kushika. Kifungu cha 18 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinampa raia haki ya kupewa taarifa za mambo muhimu kwa maisha yake, ila Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya 2016 ni ya Tanzania Bara. Mlangoni, basi, kila kitu kinategemea hulka ya ofisa aliyesimama pale. Pemba ni zaidi: ukimuuliza ofisa wa Chake Chake kikao kimeamua nini, mara nyingi atakwambia msemaji yuko Unguja. Kama vikao vitaendelea kufungwa, basi angalau mmoja wa waliokuwemo ndani, aliyepo Pemba, apewe idhini ya kutoka saa ileile na kujibu maswali, yakiwemo asiyoyapenda.