Koti la Msituni Lipimwe kwa Sikio

Kila vuli inapoanza kugonga mabati ya Ngamiani, hapa Tanga mjini, napigiwa simu za aina moja. Ninunue koti gani la mvua la kuingilia msituni? Wanaouliza ni vijana wanaoanza kutembeza wageni hifadhi ya msitu wa Amani, wapiga picha wa ndege, na wachache wenye leseni ya uwindaji wanaokwenda upande wa Handeni na Kilindi. Wote wanataka kujua kama linavuja. Bado sijampata aliyeniuliza kama linapiga kelele, na mimi hilo ndilo naliona swali la kwanza.

Nimetembea misitu ya Usambara Mashariki miaka kumi na minne sasa, na nasema bila kusita: anayenyatia mnyama, awe na bunduki au darubini, avae nguo isiyochakacha hata kama itampitishia maji. Kulowa utalowa tu. Amani inapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mvua ikishakatika miti nayo inaendelea kudondosha kwa muda mrefu. Unachoweza kukiamua mwenyewe ni sauti yako.

Wengi hudhani mvua inafunika kelele. Mvua kubwa inafunika kweli, lakini mvua kubwa haina maana kwa mnyatiaji: huoni kitu, wanyama wamejibanza, na wewe umejibanza pia. Saa yenye thamani ni ile ya manyunyu, au ile mvua ikishakatika, mbega wanapojitokeza kwenye matawi kujikausha na ndege wanaanza kuitana. Hapo msitu unakuwa kimya kuliko wakati wote. Kiangazi kila hatua inavunja jani kavu, ukivaa nailoni au sufu tofauti ni ndogo, umeshajitangaza kwa miguu. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo majani yanalala, ardhi inakuwa kama godoro, mguu hausikiki kabisa. Kelele inayobaki ni moja, nayo inatoka kwenye mikono na mapaja yako kila kitambaa kinaposuguana.

Hili nililiona kwa macho yangu Novemba mmoja, juu kidogo ya Zigi, lango la kuingilia hifadhi ya Amani. Nilikuwa na mgeni mwenye koti jipya la bei kubwa, la kijani, zuri la kutazama. Manyunyu yalikuwa yamebaki kama vumbi la maji. Mbele yetu, hatua kama ishirini, funo alitoka kwenye kichaka akasimama ubavu. Mnyama mdogo mwekundu, manyoya ya mgongo yamelowa yakashikana vishungi-vishungi, anatafuna kitu huku sikio moja likizunguka. Hakutuona. Nilimgusa mgeni kiwiko ainue darubini taratibu, naye aliinua taratibu kweli, vizuri kama nilivyomfundisha. Mkono wa koti ulipopita kwenye ubavu wa koti ukatoa ule mlio wa mfuko wa chipsi. Funo hakugeuka hata kuangalia. Tuliona matako yake tu, kisha majani yakitikisika. Mgeni alikaa chini akaliangalia lile koti kwa huzuni iliyonigusa. Alikuwa amefanya kila kitu sawasawa.

Tukumbuke kwamba tunachokisikia sisi kwenye koti ni sehemu tu ya kelele yake. Sikio la binadamu mwenye afya linaishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, na umri unavyosogea linashuka. Nguruwe wa kufugwa amepimwa, anafika kama 40,000, na sina sababu ya kudhani ndugu yake wa porini ni kiziwi kuliko yeye. Plastiki na nailoni ngumu zikisuguana hutoa sauti nyembamba, kali, za juu. Koti ambalo kwako linanong'ona, kwa nguruwe linaweza kuwa linapiga filimbi.

Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine, na huwa nasikitika kuona haitajwi. Koti lenye kelele linamziba masikio aliyelivaa kabla halijamshtua mnyama. Msituni unaona mita kumi, pengine tano. Kazi yote inafanywa na masikio: tawi lililovunjika, mbawa za hondohondo zinazovuma kama upepo unaopita kwenye bomba, sauti ndogo ya ndege usiyeweza kumwona kabisa. Vuta ile kofia ya koti kichwani uone. Kila tone linalogonga linakuwa ngoma sikioni mwako, na kila ukigeuza shingo kitambaa kinakwaruza masikio yote mawili. Mwaka wangu wa kwanza nilitembea chini ya kundi zima la mbega, kofia kichwani, najiona nimekauka vizuri, mpaka mwenzangu aliponishika bega na kunionyesha juu. Tangu siku ile sijavaa kofia ya koti msituni. Navaa pama ya kitambaa kizito iliyolainika kwa kufuliwa. Matone yanaishia ukingoni na masikio yako wazi. Kofia ya ukili ni nzuri kwa jua, ila kwenye mvua nayo inapigapiga.

Sasa yale makoti ya gharama yanayosifiwa kwamba yanazuia maji huku yakitoa jasho. Si uongo, yanafanya kazi, ila yanafanya kazi vizuri zaidi nchi za baridi kuliko kwetu. Ndani yake kuna utando mwembamba wenye vitundu vidogo mno, tone la maji halipiti, mvuke wa jasho unapita. Utando maarufu zaidi wa aina hiyo ulitokana na kazi ya Bob Gore kule Marekani mwaka 1969. Mvuke lakini hautoki kwa hiari yake. Unasukumwa na tofauti ya unyevu kati ya mwilini na nje. Nchi za baridi, hewa ya nje ikiwa nyuzi 0, hata ikijaa unyevu inabeba mvuke mdogo sana, kwa hiyo jasho linasukumwa nje kwa nguvu. Chini huku Muheza au Pangani wakati wa mvua hewa ni nyuzi 25 na imejaa unyevu hadi pomoni. Ile nguvu ya kusukuma inabaki chini ya nusu. Ukipanda mlima nusu saa umelowa kwa ndani kama uliyetembea bila koti, na bado unachakacha. Umelipa mara mbili.

Wawindaji wa Ulaya wanalijua tatizo la kelele siku nyingi. Kwenye milima ya Austria walikuwa na sufu iliyogandamizwa mpaka ikawa nene, maji yanateleza juu yake na haitoi sauti hata ukijisugua kwenye mti. Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili walitengeneza kule Manchester kitambaa cha pamba kiitwacho Ventile, kwa ajili ya marubani waliokuwa wakianguka kwenye bahari ya baridi. Ni pamba tupu iliyofumwa kwa kubana sana. Ikilowa nyuzi zinavimba na kuziba njia ya maji. Navisifu vyote viwili, ila simshauri mtu wa Tanga avitafute. Sufu ile itakuchemsha kabla hujafika Zigi, na pamba nzito iliyolowa inachukua siku mbili kukauka kwenye unyevu wetu. Cha kuchukua kwao ni wazo lenyewe: upande wa nje wa koti usiwe na plastiki wala utando, uwe kitambaa laini chenye vinyuzi.

Wazo hilo mjomba wangu alikuwa nalo bila kuambiwa na mtu. Aliwinda nguruwe kwa gobore, kwa kibali, enzi hizo, mashambani walikokuwa wakimaliza mihogo ya watu. Nilimwuliza nikiwa kijana, "Shikamoo mjomba, mbona huvai koti la mvua?" Akaitikia, akanishika shati. "Mjomba, mimi kinachotakiwa kukauka ni baruti na fataki. Ngozi yangu ina mafuta yake." Alivaa shati la pamba lililofuliwa mpaka likawa kama leso, na baruti aliifunga kwenye nailoni, nailoni akaivika kitambaa, kitambaa akakiweka kwapani. Ile nailoni ilikuwa ndani ya kitambaa. Nilichukua miaka mingi kuelewa kwamba hapo ndipo palipokuwa na jibu.

Kwa sababu hicho ndicho ninachofanya leo. Kisichopitisha maji nakivaa ndani, kitambaa laini nakivaa juu. Cha juu kinalowa, sawa, lakini kinabaki kimya, na mwili hauguswi. Nilimpelekea fundi cherehani mmoja wa Ngamiani koti la nailoni lililochoka na shati kubwa la drili la mtumba. Nikamwomba akate nailoni abakishe mabega na mgongo wa juu tu, kama kizibao, aishone ndani ya shati, na makwapa yabaki wazi.

"Sasa maji si yataingia kwapani?" akauliza.

"Yataingia, fundi. Na joto litatoka."

Akageuza lile shati, akalisugua kwa kiganja, akasema, "Basi na zipu tuitoe, maana hii nayo italia." Hilo sikuwa nimelifikiria. Akaweka vifungo vya mbao. Mifukoni kulikuwa na ule mkanda unaonata, ambao ukiubandua unatoa sauti ya kuchana kanga, akauondoa pia. Hilo koti nimelivaa vuli tatu na masika tatu.

Kama huna fundi wala muda, nenda kwenye mitumba siku ya kufunguliwa belo. Usiangalie kwanza maandishi ya shingoni. Funga macho, weka mkono wa nguo karibu na sikio, sugua kitambaa kwa kitambaa, kisha kwaruza kwa ukucha. Muuzaji atakutazama, mwache atazame. Halafu, na hili watu hulisahau, omba maji kidogo uloweshe sehemu ndogo usugue tena, maana zipo nguo zilizo kimya zikiwa kavu zikilowa zinaanza kukoroma. Lile sweta laini la manyoya ya poliesta hufaulu jaribio hili karibu kila mara, linakauka haraka, na kwa juu kule Amani, zaidi ya mita 900, Julai kuna baridi ya kweli. Pale usitegemee pamba peke yake. Pamba iliyolowa inanyonya joto la mwili, na mtu anayesimama saa mbili bila kusogea kumsubiri ndege anaweza kutetemeka mpaka darubini isishikike.

Kwenye mitumba hiyohiyo utakutana na makoti ya uwindaji kutoka nje, laini, kimya, bei ya kutupa, yenye madoadoa ya majani. Tafadhali yaache. Sheria zetu hazimruhusu raia kuvaa sare za jeshi wala nguo zinazofanana nazo, na Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa wananchi wenye mavazi ya namna hiyo kuyasalimisha. Huwezi kusimama barabarani Muheza ukieleza kwamba madoadoa yako ni ya kuwindia kulungu. Rangi moja iliyofifia, kijani cha jani kavu au kahawia, inatosha kabisa. Na leseni iwe mfukoni kwa anayewinda. Ndani ya hifadhi ya Amani hakuna kuwinda, kule tunakwenda na darubini.

Ufuaji nao una neno. Sabuni nyingi za unga zina dawa ya kung'arisha nguo, nayo hugeuza mwanga ambao sisi hatuuoni, wa upande wa zambarau kuzidi zambarau, kuwa wa buluu, nguo ikang'aa kuliko vitu vya msituni. Mimi huloweka nguo za msituni kwenye maji matupu, nikilazimika natumia sabuni kidogo ya mche na kusuuza mara tatu. Koti la dukani ambalo matone yameacha kuteleza juu yake mara nyingi halijafa. Lisuuze sabuni yote itoke, likikauka lipitishe pasi ya moto mdogo sana, kitambaa kikiwa katikati, na matone huanza tena kuteleza. Kwa pasi ya mkaa usithubutu, utaliyeyusha.

Suruali sizungumzii sana: ya pamba nyepesi, isiyo pana, mapaja yasisuguane. Gambuti ndizo zilizonisumbua muda mrefu. Midomo yake hupiga ndama za mguu kila hatua, pap, pap, na kila msitu unapokuwa kimya unaisikia sauti hiyo kama mtu anayekufuata nyuma. Nilijaribu soksi nene, nikajaribu kukunja suruali nje. Kilichonisaidia ni ukanda wa tyubu ya baiskeli, upana wa vidole viwili, unauzungusha juu ya gambuti mara mbili na kuukaza kabla hujaliacha lango. Nabeba minne mfukoni, miwili yangu, miwili ya mgeni.