Imekufa Bila Kuugua

Jamani, nipeni pole. Nimefiwa na laptopu.

Jumatano usiku niliizima ikiwa mzima wa afya, tukaagana vizuri. Alhamisi asubuhi nabonyeza, kimya. Nabonyeza tena, kimya. Hata kukohoa haikukohoa. Nikaikwapua hadi Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kwa fundi mmoja kijana, umri wa mwanangu wa mwisho. Akachomeka waya zake, akatazama dakika moja, akatikisa kichwa kama daktari wa kwenye tamthilia.

"Mzee, diski imekufa."

"Imekufaje bila kuugua?"

"Hizi za kisasa ndivyo zilivyo, mzee. SSD haina kitu kinachozunguka ndani, haipigi kelele. Inazima tu."

"Na mafaili yangu?"

"Hayo tuyaombee."

Mimi nimezoea vyombo vyenye adabu. Kompyuta zetu zile za kichogo zilikuwa zinaugua kwanza. Diski yake ilikuwa na sahani inayozunguka kama santuri, na ikianza kuchoka unaisikia: kwi, kwi, tak, tak. Mwezi mzima inakusihi, hamisha vitu vyako, mwenzio siku zangu zinahesabika. Mwenye akili alihamisha. Mjinga aliongeza sauti ya redio. Lakini hata huyo mjinga asingeweza kusema hakuambiwa.

Na asubuhi ukiwasha, ilikuwa inakusalimu. Pii moja fupi, maana yake nimeamka salama. Ikilia pii ndefu zisizokoma, hapo ni RAM, kile kibao cha kumbukumbu, na fundi wala hakuuliza swali. Anafungua sipiyu, anachomoa RAM, anaisugua yale meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli alichomnyang'anya mwanafunzi, anarudisha. Pii! Elfu tano hiyo. Ufundi wote ulikuwa masikio na kifutio.

Nayasema haya nikiwa na ushahidi, maana kuanzia mwaka 1999 nilikuwa mhudumu wa intaneti kafe pale mjini, karibu na Samora. Kompyuta nne, zote zinagawana laini moja ya simu ya mezani na modemu moja ya 56K, kile kisanduku cha kupitisha intaneti kwenye waya wa simu, mwendo wake kilobiti 56 kwa sekunde. Saa moja shilingi elfu, na watu wanapanga foleni.

Wadogo zangu hamjui ilivyokuwa kuingia kwenye intaneti. Siku hizi mtu anaingia bila hata kujua ameingia. Sisi tulikuwa tunabisha hodi. Kwanza laini inaguna, mmmmm. Halafu modemu inapiga namba yenyewe, pi-po-pi-pi-po. Inaita. Upande wa pili unapokea kwa mluzi, piiiiiii! Hapo ugomvi unaanza: kwaaa, ng'iii, kwaaa, bong-ding-bong, kisha shhhhhhh kama dagaa wametupwa kwenye mafuta ya moto. Halafu kimya. Wateja wote wanashusha pumzi. Tumeingia.

Wengi walidhani chombo kibovu. Kumbe yalikuwa mazungumzo. Ile laini ilitengenezwa kubeba sauti ya binadamu, haijui kubeba kitu kingine, kwa hiyo kompyuta mbili zikitaka kuelewana sharti zipigiane makelele kama watu. Wewe mwendo wako ngapi? Mimi 56. Laini yenu inakwaruza, tushuke 33. Haya, tushuke. Na spika iliachwa wazi makusudi, usikie mwenyewe kama namba iko bize au umekosea.

Maana kukosea kulikuwepo. Siku moja nilikuwa naingiza namba upya, nikapotosha tarakimu moja. Ikaita, akapokea bibi mmoja.

"Haloo? Haloo, nani mwenzangu?"

Modemu ikamjibu: pii.

"Wewe nani?"

Pii.

"Ala! Mtoto gani usiye na adabu, mama yako anajua unachezea simu?"

Pii.

Mimi natafuta pa kuikata, vidole havinitii kwa kicheko, na bibi anaendelea kuulizia ukoo wa modemu. Shikamoo bibi, popote ulipo. Haikuwa kukusudia.

Tabu yetu kubwa lakini ilikuwa ghorofani. Bosi aliishi juu ya kafe na laini ilikuwa hiyohiyo moja, kwake na kwetu. Kila saa kumi jioni mkewe ananyanyua mkonga kumpigia dada yake Tanga. Akinyanyua tu, sisi huku chini tumekatwa. Mteja amengoja picha ya mchumba wake wa ng'ambo, imeshafika kwenye paji la uso, sasa tunasubiri macho, krak! Kafe nzima inapaza sauti moja: "Kanyanyuaaa!" Na picha yenyewe si ya mchezo. Hii unayomtumia shangazi leo ukiwa umelala, ya megabaiti tatu, ile laini ingeihangaikia dakika nane kwenye siku yake njema. Ndiyo maana wachumba wa zamani walitumana picha ndogo, na penzi lilidumu.

Umeme nao ulikuwa na mlio wake, yaani kutokuwepo kwake. Ukikatika, UPS zote nne, yaani zile betri za akiba za kompyuta, zinapiga ukunga kwa pamoja kama wafiwa, na mimi naruka kutoka kwenye kiti: "Sevu! Sevu jamani! Dakika tano tu!" Nimeona mtu mzima na suti yake akilia kwa kurasa arobaini za ripoti. Flopi yenyewe ya kuhifadhia, uwezo wake megabaiti 1.44, tena ukiisogeza karibu na spika unajitafutia laana.

Mlio ninaoukumbuka kwa heshima zaidi, hata hivyo, ni wa kabla ya kafe. Nilikuwa tarishi kwenye shirika moja, na pale uhasibu kulikuwa na printa ya sindano, ile inayogonga karatasi kupitia utepe wa wino, karatasi zenyewe zina matundu pembeni. Krrriii-krrraaa, krrriii-krrraaa. Mwezi mzima inalia mara mojamoja, hakuna anayegeuka. Lakini ikifika tarehe ishirini na kitu, ikalia mfululizo kuanzia saa mbili asubuhi bila kupumua, jengo zima linajua: hizo ni hati za mshahara. Madereva wanaanza kuimba. Mama wa chai anafungua daftari la madeni na kuketi mlangoni. Hata watu waliokuwa hawaongei wanasalimiana. Mshahara ulikuwa unaingia na ngoma! Siku hizi unaingia kwa meseji moja, na kabla sijaisoma zimefuata tatu za makato. Umekuja kimya, umeondoka kimya, kama mgeni aliyekosea nyumba.

Niwaambie basi kuhusu bosi, maana stahili yake ni kusemwa.

Mwaka 2002 alinunua simu ya pili, Nokia, akaificha kwenye droo ya meza yangu ikiwa imezimwa mlio. "Hiyo ya biashara," akaniambia, nami sikuuliza biashara gani. Jioni moja mkewe ameshuka kuja kuchukua hesabu, mumewe amesimama pembeni, mambo shwari. Mara spika za kompyuta: dit-didi-dit, dit-didi-dit, drrrrrr.

Nyie wa zamani mnaujua huo mdundo. Simu za 2G zilikuwa zinarusha mawimbi kwa vipande, mara 217 kwa sekunde, na spika iliyo karibu ikawa inavidaka. Sekunde chache kabla simu haijaita, spika imeshatangaza. Mimi kwa kipaji hicho nilikuwa mganga kwa shangazi zangu: "Shangazi, kuna mtu atakupigia sasa hivi." Inaita. Shangazi anashika kifua.

Mama yule akatazama simu yake juu ya meza: imelala. Akatazama ya mumewe mkononi: imelala. Akanitazama mimi, simu sikuwa nayo, mshahara wenyewe wa kuunga.

"Spika mbovu hizo," bosi akasema, jasho linamtoka kwenye kiyoyozi.

Dit-didi-dit, droo ikajibu.

Sitaendelea, kwa sababu ya kilichofuata, na kwa sababu mzee yule bado namheshimu. Nitasema tu kwamba kwa wiki mbili laini ya ghorofani haikunyanyuliwa, dada wa Tanga akaja mwenyewe kwa basi, na wateja wetu hawajapata kuona intaneti tulivu namna ile. Ilipokuja 3G, simu zikarusha kwa mtiririko, spika zikakosa cha kudaka. Ndoa ngapi zimeokolewa na 3G, hakuna aliyekaa kuhesabu.

Basi juzi, katika huzuni yangu ya laptopu, nikamwambia mpwa wangu anitafutie ule ugomvi wa modemu aniwekee kuwa mlio wa simu. Akaupata. Akausikiliza mwenyewe, akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia weka, tena sauti ya mwisho.

Jana narudi Mbagala, daladala imeshona, nimesimama, mkono mmoja bombani, mwingine umebanwa na begi la mtu. Tuko kwenye foleni pale Mtoni kwa Azizi Ali. Mfukoni kwangu: piiiiii, kwaaa, ng'iii, bong-ding-bong!

"Dereva, zima gari!" konda akapiga bodi. "Kuna kitu kinasagika huku nyuma!"

Mama mmoja akamkumbatia mwanawe. Kijana wa dirishani akaanza kutoa mguu nje. Dereva kazima, kashuka, kainama uvunguni mwa gari na tochi ya simu. Mimi mfukoni sifiki, na aibu ya kusema "ni mimi" imenikaba. Nikafanya kama wengine, nikaangalia sakafu kwa wasiwasi.

Shhhhhhh. Halafu ikakatika ghafla, kabla ya kumaliza. Ni mama watoto huyo, hangoji.

Kimya. Dereva anarudi anafuta mikono, anasema haoni kitu. Ndipo mzee mmoja wa kiti cha nyuma, miwani imefungwa kwa uzi, magazeti mapajani, akanigeukia taratibu. Akanitazama mfuko, akanitazama uso.

"Pole sana, bwana," akasema. "Kuna mtu kanyanyua mkonga."